Mkorogo Mpakani
Askari anayekamata mkorogo kwenye mpaka wa Gisenyi na Goma hakamati vipodozi tu. Analinda miili ya vijana. Haidrokwinoni, kemikali iliyomo katika baadhi ya krimu hizo, huzuia ngozi kutengeneza rangi yake, ambayo ndiyo kinga dhidi ya jua kali. Zebaki nayo hupenya mwilini na kudhuru figo. Ndiyo maana, Novemba 2018, Rais Kagame aliitaka Wizara ya Afya na Polisi ya Taifa kulishughulikia jambo hilo upesi.

Hata hivyo, kukamata pekee hakutoshi. Kijana aliyeaminishwa kwamba weupe ndio uzuri atautafuta mkorogo kwa njia za panya. Basi askari, arudipo nyumbani, awafunze wanawe kuwa weusi si kasoro.