Aliyeugua Akawa Mwalimu

Katika mitaa ya Mji wa Kale wa Mombasa, kuanzia Kuze hadi Kibokoni na Mkanyageni, mwalimu wa chakula anayesikilizwa zaidi si yule mwenye cheti ukutani. Ni yule aliyeugua. Alipimwa akaambiwa ana sukari, au presha ilimwangusha jikoni, au tumbo lilimsumbua kwa miaka bila ya jibu. Akabadilisha alichokuwa akila, akapata nafuu, na majirani wakamwona amepungua na uso umenawiri. Swali la kwanza huulizwa barazani: umekula nini hata ukawa hivi? Baadaye huja darsa ndogo ya kina mama baada ya alasiri, kisha kundi la WhatsApp, kisha chupa za habasoda na pakiti za unga wa mlonge.

Jambo hili nalitetea, na wakati huohuo linanitia hofu. Maradhi humpa mtu sababu nzuri sana ya kufundisha. Ushahidi wa kufundishia lazima autafute mahali pengine.

Kwanza utetezi. Chumba cha daktari kina foleni, na mgonjwa hupata dakika chache: punguza wanga, punguza chumvi, ongeza mboga, fanya mazoezi, rudi mwezi ujao. Maneno yote ni ya kweli, lakini anafika nayo nyumbani asijue aifanyeje sufuria. Mwalimu aliyeugua anaijua sufuria hiyo. Anajua kwamba asubuhi ni mahamri na mbaazi za nazi, mchana ni wali wa nazi, jioni ni viazi vya karai au bhajia kwa chatne ya ukwaju, na katikati ya yote hayo chai ya maziwa yenye sukari isiyopimwa. Anajua pia kwamba mgeni akikataa biriani ya harusi huonekana ameikataa nyumba. Kwa hiyo hamwambii mwenzake aache kula. Humwambia mbaazi zibaki, tui lipungue, hamri liwe moja badala ya matatu, na kahawa chungu inywewe bila ya halwa. Humkumbusha mkate wa mofa, wa mtama, uliokuwa chakula cha kawaida kwa wazee wetu kabla ya unga mweupe kuingia kila nyumba. Mafunzo haya yana thamani, na hospitali nyingi zimeshindwa kuyatoa.

Tena haja yake ni kubwa. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015 kuhusu magonjwa yasiyoambukiza ulikuta kwamba Wakenya wazima 94 kati ya kila 100 hula matunda na mboga chini ya vipimo vitano kwa siku, kiwango kinachopendekezwa. Karibu robo yao walikuwa na presha ya kupanda. Linalotisha zaidi ni kwamba karibu 88 kati ya kila 100 hawakuwa wamewahi kupimwa sukari. Watu wa namna hiyo hujua kwamba wanaumwa siku wanapoanguka, au kidonda cha mguuni kinapokataa kupona. Hapo ndipo wanapoanza kujifunza chakula, wakiwa na hofu na haraka, na mwalimu wa karibu ndiye anayewapata.

Mwalimu huyu pia amekuta pahala palipokwisha kutengenezwa. Pwani yetu ina elimu ya kale ya chakula, iliyotokana na utabibu wa Kiyunani na wa Kiarabu na kuchanganyika na uzoefu wa wenyeji. Vyakula vina moto na baridi, na mwili hutakiwa ukae katikati. Embe ni moto, tango ni baridi, mzazi hupikiwa uji wa pilipili manga ili mwili upate joto. Mafundisho ya Mtume (S.A.W.) ya kuligawa tumbo sehemu tatu, ya chakula, ya maji na ya pumzi, hakuna mtoto wa madrasa asiyeyajua. Kwa hiyo anayesema kwamba chakula, usingizi, ibada na utulivu wa moyo ni kitu kimoja hasikiki kama mgeni Kuze. Husikika kama bibi.

Sasa hofu. Ili niieleze vizuri, nianze na mtu aliyeipita njia hiyohiyo na kuimaliza kwa heshima. Profesa Mary Abukutsa-Onyango alizaliwa mwaka 1959 magharibi mwa Kenya. Tangu utotoni mwili wake uliikataa protini ya wanyama: nyama, samaki, maziwa na mayai vyote vilimdhuru. Alilelewa kwa mboga za kienyeji zilizoota karibu na nyumbani, mnavu, mgagani, mrenda, majani ya kunde, akakua mzima. Alipokwenda kusomea kilimo Chuo Kikuu cha Nairobi alikuta mboga zile zilizomlea hazina nafasi katika masomo. Kilichofundishwa ni kabichi na mboga nyingine za kigeni, na za kwao zilihesabiwa magugu.

Angeweza kusimama na ushuhuda wake peke yake, na watu wangemwamini. Badala yake alichukua swali la mwili wake akalipeleka kwenye shamba la majaribio na maabara. Akiwa Chuo Kikuu cha Maseno, na baadaye Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta cha Kilimo na Teknolojia, alikusanya mbegu na kuzichunguza, akatafuta kwa nini mbegu za wakulima hazioti vizuri, akapima madini na vitamini zilizomo, akatazama namna ya kuzipika ili virutubisho visipotee. Kazi hiyo imemchukua zaidi ya miaka 20. Mwaka 2015 jarida la sayansi la Nature liliandika habari ndefu kuhusu kuinuka kwa mboga za Afrika, na jina lake lilikuwa mbele. Leo mnavu na mgagani huuzwa hata katika maduka makubwa ya Nairobi.

Kinachonigusa zaidi katika maisha yake ni jambo ambalo hakulifanya. Samaki na maziwa vilimdhuru yeye, lakini kazi yake haikuwa kuwaambia Wakenya wote waache samaki na maziwa. Alitenganisha mzio wake na faida ya mboga. La kwanza ni habari ya mtu mmoja. La pili alilipima, likawa elimu ya kila mtu, pamoja na mama wa Kuze anayetembea kwa miguu mpaka Marikiti kununua mchicha, matembele na mchunga.

Walimu wetu wengi hawatenganishi hivyo. Aliyepona kwa kuacha ngano huwaachisha ngano wote. Aliyeteremsha sukari kwa kufunga huwafungisha wote, na katika hao wote yumo mtu ambaye ushauri ule unaweza kumuua.

Sukari ndiyo mfano mzuri, kwa sababu hapa ushuhuda wa mgonjwa mara nyingi ni wa kweli. Mwishoni mwa mwaka 2017 jarida la The Lancet lilichapisha utafiti wa Uingereza uitwao DiRECT, ulioongozwa na Michael Lean na Roy Taylor. Wagonjwa wa kisukari cha aina ya pili, waliougua kwa muda usiozidi miaka 6 na ambao hawakuwa wakitumia insulini, walilishwa chakula cha kalori 850 hivi kwa siku kwa miezi 3 hadi 5, kisha wakarudishwa polepole kwenye chakula cha kawaida. Baada ya mwaka, 46 kati ya kila 100 walikuwa na sukari ya kawaida bila ya dawa. Katika kundi lililopata matibabu ya kawaida walikuwa 4 tu. Baada ya miaka miwili, wale 46 walikuwa wamebaki 36. Kwa hiyo jirani anayesema nimeacha vidonge kwa sababu ya chakula huenda anasema kweli tupu. Lakini angalia yaliyouzunguka utafiti ule: waliougua siku nyingi hawakuingizwa, wa insulini hawakuingizwa, dawa zilisimamishwa na wauguzi na madaktari, na waliofuatiliwa walipimwa muda wote. Zaidi ya nusu hawakufikia lengo, ingawa walijitahidi.

Aina ya kwanza ya kisukari ni habari nyingine kabisa. Hapo kongosho halitoi tena insulini, na hakuna mboga inayoweza kuirudisha. Dunia iliwahi kujaribu kuutibu ugonjwa huo kwa chakula peke yake. Kabla ya mwaka 1922, daktari Frederick Allen wa Marekani aliwalisha wagonjwa chakula kidogo mno ili sukari ishuke. Sukari ilishuka, uhai ukarefushwa kidogo, na watoto wakafa wakiwa mifupa mitupu. Tarehe 11 Januari 1922, mjini Toronto, kijana wa miaka 14, Leonard Thompson, alidungwa insulini kwa mara ya kwanza. Akaishi miaka 13 zaidi. Mwalimu wa lishe anayemwambia mzazi apunguze sindano za mwanawe kwa sababu yeye mwenyewe alipona kwa mlonge anairudisha familia ile kwenye miaka ya kabla ya tarehe hiyo.

Nguvu ya mtu anayesema nitakuponyesha tumeiona hapa kwetu. Mwaka 2011 maelfu kwa maelfu ya watu, pamoja na Wakenya, walikwenda Samunge, Loliondo, nchini Tanzania, kunywa kikombe cha dawa cha Mchungaji mstaafu Ambilikile Masapila kwa shilingi 500 za huko. Wenye sukari na wenye virusi vya UKIMWI walikuwemo, na wengine waliacha dawa zao. Australia nako, Belle Gibson alijipatia umaarufu kuanzia mwaka 2013 kwa programu ya simu ya mapishi na hadithi kwamba alikuwa na saratani ya ubongo na anaitibu kwa chakula. Mwaka 2015 alikiri kwamba hakuwahi kuwa na saratani, na mwaka 2017 mahakama ilimtoza faini ya dola 410,000 za nchi hiyo. Namfikiria sana mwanamke huyu. Angeweza kughushi shahada ya lishe. Alighushi ugonjwa, kwa kuwa alijua kwamba mbele ya watu ugonjwa huaminika kuliko shahada. Mgonjwa wa kweli anayefundisha ana imani hiyohiyo mkononi mwake, na imani ya watu wenye hofu ni amana.

Kenya ina Sheria ya Wataalamu wa Lishe ya mwaka 2007, na taasisi iliyoundwa nayo, KNDI, husajili wanaoruhusiwa kufanya kazi hiyo. Sheria ni ya lazima, lakini polisi hawawezi kuingia kila darsa ya alasiri, na sitaki waingie. Ningependa kuona kliniki za sukari za kisiwa hiki zikiwatafuta hawa waliopata nafuu na kuwaweka kando ya mtaalamu aliyesajiliwa. Mtaalamu aeleze vipimo na dawa, aliyeugua aeleze tui na mahamri. Hospitali itapata lugha ya jikoni, na mwalimu wa mtaani atapata mtu wa kumwambia: hili si lako, mpeleke huyu kwa daktari leo.

Wewe unayefundisha, waulize wanafunzi wako dawa wanazotumia kabla hujawapa orodha ya vyakula, na umwambie kila mmoja kwamba wa kupunguza dawa ni daktari aliyeiandika. Waeleze na wale waliofuata ushauri wako wasipone, maana wapo. Na wewe unayefundishwa, uliza mwalimu wako aliugua nini hasa, alipimwa lini, na kama bado anameza vidonge. Ikiwa una sukari na unakusudia kufunga Ramadhani, mwone daktari wiki 6 hadi 8 kabla ya mwezi kuandama, ili dozi na saa za dawa zipangwe upya. Darsa ya chakula iende baada ya hapo.