Njaa, Katiba na Lugha ya Ombi: Mwananchi wa Munje Mbele ya Watunga Sheria

Utangulizi

Wahenga walinena kwamba mwenye njaa hana miiko. Katika nchi yenye katiba, hata hivyo, mwenye njaa ana haki, na haki hiyo ina njia yake ya kudaiwa. Makala haya yanakusudia kueleza jinsi mwananchi wa kawaida anavyoweza kulifikisha suala la chakula mbele ya watunga sheria nchini Kenya, pamoja na nafasi ya Kiswahili katika safari hiyo. Mfano tutakaoutumia ni Munje, kijiji cha pwani katika eneo la Msambweni, Kaunti ya Kwale.

Chungu chenye mafiga mawili

Chungu cha Munje, kama vile vya vijiji vingine vya ufuo huo, hutegemea bahari na shamba. Kusi ivumapo, bahari huchafuka, na mvuvi mwenye mtumbwi au ngalawa aghalabu hulazimika kubaki ndani ya miamba, ambako samaki ni haba. Shamba nalo la mahindi, muhogo na kunde hungojea masika na vuli. Mafiga hayo mawili yakitetereka kwa pamoja, chungu hupinduka.

Jambo hili si la kubuni. Kwale ni miongoni mwa kaunti 23 za Kenya zinazohesabiwa kuwa kame au nusu kame. Septemba 2021 serikali ilitangaza ukame kuwa janga la kitaifa, na kati ya mwisho wa 2020 na mwisho wa 2022 misimu mitano mfululizo ya mvua ilikuwa hafifu katika sehemu kubwa za maeneo hayo.

Majibu ya serikali katika nyakati kama hizo huwa ni msaada wa dharura. Mwaka 2017 pakiti ya unga wa mahindi ya kilo mbili iliuzwa kwa shilingi 90 kwa ruzuku, na Julai 2022 kwa shilingi 100. Miaka yote miwili ilikuwa ya uchaguzi mkuu, na ruzuku hizo hazikudumu. Hisani huja na kuondoka kwa hiari ya mtoaji. Haki haipaswi kuwa hivyo.

Haki yenyewe

Ibara ya 43 ya Katiba ya 2010 inampa kila mtu haki ya kutokuwa na njaa na ya kupata chakula cha kutosha chenye ubora unaokubalika. Ibara ya 20 inaongeza kwamba Dola ikidai mahakamani kuwa haina rasilimali za kutekeleza haki hiyo, ni juu yake kuthibitisha kwamba kweli haina. Ibara ya 37 inaruhusu wananchi kukusanyika kwa amani na kuwasilisha maombi kwa mamlaka za umma, na Ibara ya 119 inampa kila mtu haki ya kupeleka ombi Bungeni. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inatoa haki kama hiyo mbele ya bunge la kaunti.

Mlango upi ubishwe?

Kosa la kawaida ni kubisha mlango usio na mwenyewe. Kwa mujibu wa Jedwali la Nne la Katiba, shughuli za kilimo, mifugo na uvuvi ni jukumu la kaunti, ilhali sera ya kilimo ni ya serikali ya taifa. Kwa hiyo, anayetaka barafu ya kuhifadhia samaki au afisa wa ugani atawaelekea wawakilishi wadi katika Bunge la Kaunti ya Kwale. Anayetaka Sheria ya Usimamizi na Uendelezaji wa Uvuvi ya 2016 irekebishwe, au kodi ya bidhaa za chakula ibadilishwe, atalielekea Bunge la nchi.

Wakati nao una uzito wake. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inaitaka serikali ya kaunti kuwasilisha mpango wa maendeleo wa mwaka kufikia tarehe 1 Septemba, waraka wa mkakati wa fedha kufikia tarehe 28 Februari, na makadirio ya bajeti kufikia tarehe 30 Aprili. Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai. Ombi la fedha linalofika Julai limekuta pilau imekwisha kupakuliwa.

Umbo la ombi

Sheria ya mwaka 2012 inayohusu utaratibu wa kuwasilisha maombi Bungeni inaeleza sifa za ombi. Liwe limeandikwa kwa Kiswahili au Kiingereza, kwa lugha ya heshima. Lieleze kama mamlaka husika imewahi kuendewa na ilijibu nini, na kama suala hilo liko mahakamani. Lihitimishwe kwa kutaja waziwazi kinachoombwa, na litiwe saini au alama ya kidole gumba.

Chukulia kwamba wavuvi wanaandika: "Tunaomba serikali itusaidie." Kauli hiyo haina pa kushikwa, mbunge anaweza kuikubali yote bila kutenda lolote. Sasa tuilinganishe na hii: "Tunaliomba Bunge la Kaunti litenge, katika makadirio ya mwaka ujao, fedha za mtambo wa barafu katika bandari yetu ya wavuvi, na lipokee ripoti ya utekelezaji baada ya miezi sita." Hapa yametajwa mhusika, tendo, mahali na muda. Kamati italazimika kusema ndiyo au la.

Nafasi ya Kiswahili

Ibara ya 7 inakifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi, na Ibara ya 120 inakitaja miongoni mwa lugha rasmi za Bunge. Hata hivyo, miswada na makadirio ya bajeti aghalabu huandikwa kwa Kiingereza cha kitaalamu. Mama anayeuza samaki wa kukaanga huitwa kutoa maoni kuhusu kitabu asichoweza kukisoma, kisha huandikwa kuwa ameshirikishwa.

Hapa ndipo mwanafunzi wa Kiswahili ana deni. Anaweza kufasiri ukurasa wa bajeti unaohusu uvuvi na kilimo, kuusoma barazani au katika mkutano wa kikundi cha usimamizi wa ufuo, na kuandika ombi kama wenyewe wanavyolisema. Tahadhari ni kwamba asiwatie maneno vinywani. Mvuvi ndiye ajuaye kusi.

Hitimisho

Ombi si amri. Bunge laweza kulikataa, na bajeti iliyopitishwa yaweza isitekelezwe. Lakini ombi lililoandikwa vyema huacha kumbukumbu: nani aliombwa, lini, na alijibu nini. Kumbukumbu hiyo yaweza kutumika katika bajeti ifuatayo, mahakamani, na hata siku ya kupiga kura. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Na katika jambo hili, kuinama ni kushika kalamu.