Mke Wangu Katika Mbio za Mtaa

Jioni moja mke wangu alirudi kutoka mkutano wa mtaa akiwa na kipande cha kitambaa kilichoandikwa nambari 63. Nilipomwuliza ni cha nini, alijibu huku akichekecha unga wa maandazi: "Ni nambari yangu, Baba watoto. Jumapili ijayo nakimbia."

Ndugu msomaji, usiku ule sikulala vizuri. Sisi tunakaa Tandika, wilayani Temeke, ambako nyumba zimekaribiana hata jirani akipiga chafya unamwombea afya bila kuinuka kitini. Nilijiona nikipita kijiweni, wenzangu wakiulizana kwa sauti mke wa fulani anafukuzwa na nani. Mwenzangu ni mtu wa miaka 44, mama wa watoto wanne. Kwa fikra zangu, mbio zilikuwa za wanafunzi na askari.

Nilimweleza hayo kwa upole, kisha kwa ukali. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema: "Daktari aliponiambia presha imepanda na niuzoeze mwili mazoezi, ulikuwapo. Ukaahidi kutembea nami kila asubuhi. Huu ni mwezi wa ngapi?"

Sikuwa na jibu. Kumbe mwenzangu alikwisha kuanza bila mimi. Alfajiri, nilipodhani yuko jikoni, yeye na jirani yetu mmoja walikuwa wakizunguka kiwanja cha shule. Walitembea kidogo, wakakimbia kidogo, wakapumzika. Wiki hadi wiki wakaongeza. Raba alizipata kwenye mitumba, kwa fedha za maandazi. Na kabla ya kujiandikisha alirudi kwa daktari kuomba ruhusa, akapewa.

Jumapili ikafika. Mbio zilikuwa za kilomita 5, nazo zilianza mapema kabla jua la Dar es Salaam halijawa kali. Filimbi ilipolia, vijana walifyatuka kama mishale, wengine miguu mitupu. Mke wangu alikuwa nyuma kabisa, kavaa suruali pana na kanga kiunoni. Mimi nilisimama nyuma ya mwembe, nisionekane.

Wa kwanza alirejea akishangiliwa. Wakafuata wengine, wawili wawili, kisha kundi zima. Viti vikaanza kukusanywa. Karani wa mbio akafunga daftari lake. Mke wangu hakuonekana.

Hapo aibu yangu yote ilikufa. Nilikumbuka neno moja tu: presha. Nikatoka nyuma ya mwembe, nikashika njia ya kuelekea Mtoni, nikikimbia na makubazi mbele ya macho ya mtaa mzima.

Niliwakuta mbali kidogo. Jirani yetu alikuwa amekazwa na msuli wa mguu, naye mke wangu amemshika mkono, wanakuja pole pole. "Ungemwacha ukamaliza," nilimwambia. Akanijibu: "Tulianza wote."

Tulipofika kiwanjani, karani alikuwa akiondoka. Mke wangu akamwita: "Ndugu, fungua daftari. Andika 63, na huyu 64." Karani akalifungua, akaandika. Waliobaki wakapiga makofi.

Njiani kurudi nyumbani nilimkumbuka John Stephen Akhwari. Katika mbio za marathoni za Michezo ya Olimpiki mjini Mexico, mwaka 1968, Mtanzania huyo alianguka akaumia goti. Mamo Wolde wa Ethiopia alikuwa amekwisha kupata ushindi kwa zaidi ya saa nzima Akhwari alipoingia uwanjani akichechemea, goti limefungwa bendeji. Wakimbiaji 57 walimaliza siku ile, naye alikuwa wa 57. Alieleza kwamba nchi yake ilimtuma kumaliza mbio, si kuzianza tu. Nchi yetu ina washindi wa kujivunia: Filbert Bayi aliweka rekodi ya dunia ya mita 1,500 mwaka 1974, na Alphonce Simbu alitwaa ubingwa wa dunia wa marathoni mjini Tokyo mwaka 2025, kwa tofauti ya sekunde 0.03 tu. Hata hivyo, mzee huyu aliyefika wa mwisho bado anatajwa pamoja nao.

Wazazi wenzangu, presha haichagui nyumba, na wengi wetu tunaofanya kazi za kukaa tunaiendea bila kujua. Mbio za mtaa hazidai kiingilio kikubwa wala mwili wa kijana. Zinadai kumwona daktari kwanza, kuanza kidogo kidogo, na mtu wa kufuatana naye. Hilo la mwisho mke wangu alilikosa nyumbani kwake, akalipata kwa jirani.

Sasa tunatoka watatu kila alfajiri. Kijiweni bado wananiuliza, ila swali limebadilika: wanataka kujua kama nimekwisha kumfikia shemeji yao. Bado. Kila tukifika kona ya shule, yeye ndiye anayesimama kuningoja.