Mtaji ulio mfukoni: jinsi ya kuilinda simu bila utaalamu

Mfanyabiashara wa Kakola, jirani na mgodi wa Bulyanhulu, hufuatilia bei ya gramu wiki nzima. Hata hivyo, mtaji wa kununulia gramu hizo siku hizi haukai kwenye bahasha bali kwenye laini ya simu. Tangu Vodacom ilipoanzisha M-Pesa nchini mwaka 2008, na kampuni nyingine kufuata, malipo mengi ya karasha, mafuta, marudio na vibarua yamehamia huko. Laini ikiingia mikononi mwa tapeli, mtaji wa msimu mzima unaweza kutoweka kwa dakika chache.

Ushauri mwingi kuhusu usalama wa simu ni mrefu na mgumu, na mtu mwenye foleni ya wateja hana nafasi ya kuusoma. Yafuatayo ni mambo manne ambayo hata mwenye simu ya kitochi anaweza kuyafanya.

NAMBA YA SIRI. Wengi huchagua mwaka wa kuzaliwa kwa kuwa hausahauliki. Lakini namba ya kitambulisho cha Taifa huanza na mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa. Kila unayemwonyesha kitambulisho, umempa na namba ya siri. Chagua tarakimu zisizohusiana na kitambulisho chako wala namba yako ya simu. Wakala hahitaji kuijua namba hiyo, hata kama una haraka au macho hayaoni vizuri. Ukihitaji msaada, nenda na ndugu unayemwamini.

KIDOLE. Kuanzia Januari 20, 2020, laini zisizosajiliwa kwa alama za vidole zilianza kufungwa. Hatua hiyo ilisaidia kumjua mwenye laini, lakini wapo wasajili wasio waaminifu wanaosema, "Kidole hakijasoma, weka tena," kumbe wanasajili laini ya pili kwa jina lako. Mchimbaji ambaye vidole vyake vimechakaa kwa mawe huamini kauli hiyo upesi, kwa sababu mara nyingine ni kweli. Laini hiyo ikitumika kutapeli, jina litakaloonekana ni lako. Dawa yake ni kupiga *106# na kuhakiki laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Ukikuta usiyoitambua, nenda na kitambulisho kwenye duka la kampuni husika ili ifutwe.

UJUMBE. Ule wa "ile hela tuma kwenye namba hii" umedumu kwa sababu katika biashara hakosekani mtu anayesubiri "ile hela". Kabla ya kutuma, mpigie mhusika kwa namba uliyokuwa nayo tangu zamani, si ile iliyoleta ujumbe. Kisha soma jina la mpokeaji linalotokea kwenye kioo kabla hujaweka namba ya siri. Kwa muuzaji, kanuni ni kwamba ujumbe si malipo. Angalia salio kwanza, ndipo utoe mzigo. Ujumbe wa kitapeli utume kwenda 15040, namba ya kuripoti ya Mamlaka ya Mawasiliano, na fuata maelekezo utakayoletewa. Ukikosea kutuma, piga 100 mara moja, kabla mpokeaji hajatoa fedha.

DAFTARI LA WAKALA. Juu ya meza nyingi za mawakala kuna daftari wazi lenye majina, namba za simu na kiasi cha fedha, na kila anayefika husoma ya waliomtangulia. Kwa mnunuzi wa dhahabu, hiyo ni sawa na kutangaza kuwa ana fedha na atapita njia gani. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inamtaka anayekusanya taarifa za watu azilinde, na imeunda Tume ya kupokea malalamiko. Wakala anayefunika kurasa za nyuma kwa karatasi ngumu hapati hasara yoyote, na wateja wakubwa watamrudia.

Kampuni nazo zina sehemu yao. Jina la mpokeaji kuonekana kabla ya fedha kuondoka humlinda mteja bila kumdai elimu yoyote. Ndiyo njia inayofaa kuongezwa, kuliko kumbebesha mteja masharti mengine ya kukariri.

Katika masoko ya madini, kuanzia lile la Geita lililofunguliwa Machi 17, 2019, hakuna muuzaji anayekubali uzito bila kuitazama mizani kwa macho yake. Simu nayo itazamwe hivyo hivyo. Jumamosi, baada ya kufunga hesabu, piga *106#, badili namba ya siri kama ni ya mwaka wa kuzaliwa, kisha uwafundishe mke au mume na kijana wa dukani kufanya hivyo.