"Kula mwanangu, mko wawili!" Kumbe mafuta nayo yanamfuata mtoto tumboni

Shoga yangu mmoja wa Magomeni alishika mimba ya pili akiwa tayari na kilo 98. Mwanamke wa haja, mashavu yamejaa, mume anatamba mtaani kwamba kwake hakuna njaa. Mama mkwe naye kila akija ana bakuli mkononi: "Kula mwanangu, mko wawili." Asubuhi chapati, saa nne vitumbua, mchana wali wa nazi, usiku chipsi mayai na soda baridi.

Mimba ilipofika miezi sita, nesi wa kliniki akasoma kipimo cha sukari, akakisoma tena, kisha akasema, "Dada, usiondoke, daktari anakutaka." Hapo ndipo kasheshe lilipoanza. Kisukari cha mimba!

Mpenzi msomaji, kwetu unene ni heshima. Ukikonda watu wanaulizana kulikoni. Na tunazidi kunenepa: utafiti wa taifa wa mwaka 2010 ulikuta wanawake 22 kati ya kila 100 wa miaka 15 hadi 49 Tanzania wamezidi uzito. Ule wa 2015-16 ukakuta 28. Lakini mimba haina habari na sifa za mtaani.

Siri kubwa iko kwenye kondo la nyuma, ambalo wengine huliita zalio. Mwisho wa mimba lina karibu nusu kilo tu, lakini ndilo jiko la mtoto, ndilo pua yake, na ndilo kiwanda cha homoni.

Miezi ya mwanzo mwili wa mama huweka akiba ya mafuta. Miezi ya mwisho mchezo unageuka. Homoni za kondo huizuia insulini ya mama isifanye kazi sawasawa, ili sukari ibaki kwa mtoto na mama aendeshwe na mafuta yake. Ndiyo maana hata kwa mama mwembamba, mafuta ya kwenye damu huongezeka mara 2 hadi 3. Hiyo ni kawaida, si ugonjwa.

Sasa kwa mama mnene, insulini ilikuwa imeshazidiwa kabla hata ya mimba. Kondo likiongeza la kwake, sukari na mafuta vinafurika kwenye damu. Mafuta hayo hayavuki kondo kama yalivyo. Kwanza hukatwakatwa kuwa asidi za mafuta, halafu hubebwa kupelekwa upande wa mtoto. Mzigo ukizidi, mengine hurundikana kwenye kondo lenyewe, na askari wa kinga ya mwili hujazana humo kana kwamba kuna kidonda.

Mtoto naye akipokea sukari ya ziada, kongosho lake humwaga insulini, na ziada ile inageuka mafuta. Kumbe yule mtoto bonge tunayempigia vigelegele, si kila mara ni afya! Anaweza kukwama mabega wakati wa kuzaliwa, na ukubwani yuko karibu zaidi na unene na kisukari. Mama naye anakaribia presha, kifafa cha mimba na kisu cha operesheni. Hata hatari ya mtoto kufia tumboni huongezeka.

Je, ufunge kula? Hapana, usithubutu! Mimba si wakati wa kujikondesha. Chukua kilo zako, gawanya kwa urefu wako wa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Shoga yangu ana mita 1.60, akapata 38. Ukivuka 30, wataalamu wa Marekani walishauri mwaka 2009 kwamba mimba nzima uongezeke kilo 5 hadi 9 tu. Mwenye uzito wa kawaida huongezeka 11.5 hadi 16.

Miezi 3 ya kwanza huhitaji chakula cha ziada. Baada ya hapo, ndizi mbivu mbili na glasi ya maziwa kwa siku zinakaribia kutosha. Soda weka pembeni. Tembea nusu saa kila siku kama daktari hajakukataza. Wiki ya 24 hadi 28 pima sukari. Na kama bado unapanga kuzaa, punguza uzito sasa, na muulize daktari kuhusu vidonge vya foliki asidi kabla mimba haijaingia.

Shoga yangu alijifungua kwa operesheni mtoto wa kilo 4.5. Sukari ya mtoto ikashuka ghafla, akawekwa chini ya uangalizi siku mbili. Mama mtu hakulala. Namshukuru Mungu, wote wazima.

Mama mkwe bado anakuja na bakuli, ila siku hizi ndani mna mchicha. Ni kweli mko wawili, mama, lakini mwenzio wa miezi sita hajafika hata kilo moja. Usimpakulie sahani ya mtu mzima!