Gololi Hugusana Wapi?

Leo naomba tushuke na barabara ya Isingiro kwenda Murongo, tumfuate kijana anayesukuma baiskeli yenye mikungu minne ya ndizi. Uzito ule hauishii kwenye tairi. Ndani ya habu umebebwa na gololi chache, na kila gololi inakigusa kikombe chake mahali padogo kuliko kichwa cha pini.

Mwaka 1882 Mjerumani Heinrich Hertz, yule ambaye jina lake tunalitaja kila siku redioni tusemapo megahezi, alichapisha hesabu ya mahali hapo. Chuma nacho hubonyea kidogo, kisha hurudi. Uzito ukizidi mara 8, upana wa mguso huongezeka mara 2 tu, na mkandamizo nao hupanda mara 2.

Hesabu yake yafaa kwa maumbo safi. Kikombe kilicholika chahitaji kompyuta, na hapo ndipo penye kazi. Kompyuta hugawa vyuma viwili katika maelfu ya vipande, lakini haijui mapema ni vipi vinagusana, na bila kulijua hilo haiwezi kupata mkandamizo. Basi hubahatisha, hupiga hesabu, kisha hujikagua. Je, chuma kimoja kimeingia ndani ya kingine? Haiwezekani. Je, vipande vinavutana badala ya kusukumana? Gololi haina gundi. Penye kosa hubadili orodha ya vipande na kurudia, hadi pasiwepo cha kusahihisha.

Wahandisi wengine hupita njia ya mkato: huweka kitu kama springi kati ya vyuma, na kuviruhusu viingiliane kidogo. Springi ikiwa laini mno, jibu ni la uongo. Ikiwa ngumu mno, hesabu huyumba. Mtu akiniambia "kompyuta imesema", mimi ningemwuliza kwanza habari za springi hiyo.

Sasa mfukoni. Mwaka 1947 Lundberg na Palmgren wa Sweden walionyesha kwamba uzito juu ya beringi ya gololi ukiwa maradufu, umri wake hushuka hadi sehemu moja ya nane. Kwa hiyo anayepakia maradufu ili aokoe safari, gololi zake zitachoka zikiwa zimebeba robo tu ya mzigo ambao zingebeba. Na hiyo ni beringi safi yenye grisi. Vumbi letu jekundu halimo katika hesabu hiyo. Gololi mpya si ghali. Ghali ni habu na koni zilizokwisha kuliwa nazo.