Wachungaji wa Theluji

Wengi wetu huku Kongo, tusikiapo habari za Ulaya, hufikiri mara moja miji mikubwa, mitambo na barabara za lami. Ni wachache wanaojua ya kuwa Ulaya nako wako wachungaji, watu wanaofuata mifugo yao kutoka malisho hata malisho, kama wafanyavyo wenye ng'ombe katika milima ya Masisi na ya Itombwe. Watu hao wana lugha yao, mavazi yao na desturi zao, nao walikuwako katika nchi yao kabla mipaka ya serikali haijachorwa. Jina lao ni Wasami.

Fungueni ramani, ndugu wasomaji, mtazame kaskazini kabisa ya Ulaya. Nchi ya Wasami, ambayo wenyewe huiita Sápmi, imegawanyika katika serikali nne: Norwei, Uswidi, Ufini na Urusi. Hesabu yao hukadiriwa kuwa watu 80,000 hivi, na zaidi ya nusu wako Norwei. Lugha yao si moja tu, bali ni ukoo wa lugha, na ile ya kaskazini ndiyo yenye wasemaji wengi. Zamani majirani waliwapa jina jingine, Walapi. Lakini wao huliona kuwa jina la dharau, nasi hatutalirudia.

Tulifika mji wa Tromsø, Norwei, mwezi wa Februari. Mji huo uko kilometa 350 hivi kaskazini ya mstari uitwao Duara la Aktiki. Mtu wa Kisangani, ambaye kwake usiku na mchana hulingana mwaka mzima, hana budi kustaajabu: kuanzia mwisho wa Novemba hata katikati ya Januari jua halichomozi kabisa, na kuanzia Mei hata Julai kuna majuma mengi ambayo halitui. Walakini pwani haina baridi ya kutisha sana, kwa sababu mkondo wa maji ya vuguvugu hutoka Atlantiki na kupita karibu. Baridi yenyewe iko bara. Huko Karasjok, katika nchi ya Wasami, ilipimwa mwaka 1886 baridi ya digrii 51.4 chini ya sufuri, nayo haijapitwa katika Norwei yote hata leo.

Kambi tuliyoizuru ilikuwa nje ya mji, chini ya mlima, kando ya mkono wa bahari. Mwenye kambi alikuwa mama wa makamo, pamoja na mumewe, ambaye ukoo wake umechunga reni vizazi vingi. Yeye alivaa gákti, yaani vazi la Wasami, la rangi ya buluu lenye mikanda myekundu na ya manjano. Na mtu ajuaye kuzisoma nakshi zake aweza kujua mwenye vazi ametoka upande gani. Alitupa kila mtu ndoo ya chakula, akatuambia tusiogope pembe.

Nani asiogope? Wanyama walikuja wakisukumana, vichwa chini, kila mmoja na mti wa pembe juu yake. Reni ni mkubwa kuliko mbuzi, mdogo kuliko ng'ombe. Manyoya yake ni mazito, na kila unywele una uwazi ndani uliojaa hewa. Kwa hiyo joto la mwili halitoki, hata theluji ikimwangukia mgongoni haiyeyuki. Hewa hiyo humsaidia pia kuelea anapoogelea kuvuka mikono ya bahari. Akitembea, kano za miguu yake hulia tik, tik, tik, na watu husema kwamba kwa sauti hiyo kundi hubaki pamoja katika ukungu na tufani. Hata macho yake hubadilika: wakati wa kiangazi nyuma ya mboni hung'aa rangi ya dhahabu, wakati wa giza hugeuka buluu, apate kuona vema zaidi katika mwanga hafifu.

Jambo la pembe lilitupendeza kuliko yote. Katika jamii ya wanyama hao, reni peke yake ndiye ambaye jike kwa kawaida huota pembe kama dume. Dume huziangusha pembe zake baada ya msimu wa kupandana, mwanzo wa majira ya baridi. Jike mwenye mimba hubaki nazo hata karibu na kuzaa, mwezi wa Mei. Maana yake, katika miezi ya njaa ni mama aliye na silaha, na dume kubwa lililojivuna Septemba hufukuzwa mahali pa chakula kama mtoto. Mwenyeji wetu alipotueleza hayo alimtazama mumewe, wote wawili wakacheka.

Mgeni mmoja wa kundi letu, mtu mwema lakini mwepesi wa kusema, akamwuliza yule bwana, "Una reni wangapi?" Pakawa kimya kidogo. Huko, kuuliza hivyo ni sawa na kumwuliza mtu ana fedha kiasi gani benki. Wasomaji wetu wenye ng'ombe hawahitaji maelezo zaidi! Yule bwana hakukasirika. Alijibu kama Wasami wengi wanavyojibu, "Wako upande huu wa mti na upande ule."

Kisha tukaingia hemani. Hema la Wasami, lavvu, ni miti iliyosimamishwa na kukutana juu, ikazungushiwa turubai. Kileleni huachwa tundu la kutolea moshi. Moto uko katikati, ndani ya duara la mawe. Tuliketi juu ya ngozi za reni zilizotandazwa sakafuni. Mahali pa nyuma ya moto, mkabala wa mlango, huitwa boaššu. Ndipo viwekwapo vyombo na chakula, na hapo kale palikuwa mahali patakatifu, mtu asipite ovyo. Tulipewa bidos, mchuzi wa nyama ya reni, viazi na karoti, ambao ndio chakula cha arusi na sikukuu. Baadaye kahawa katika vikombe vya mti, kahawa nyingi, maana Wasami huipenda kama Waarabu.

Mama yule akaimba joik. Si wimbo wa kumsifu mtu wala wa kueleza habari zake. Wao husema kwamba hawaimbi juu ya mtu au mnyama, bali humwimba yeye mwenyewe. Mara nyingi maneno ni machache, au hayapo. Mtu aweza kupewa joik yake akiwa mtoto, na wengine wakiiimba, ni kama yeye amekwisha kuingia hemani. Alimwimba mama mkwe wake aliyefariki, nasi tulinyamaza wote.

Baada ya hapo akatusimulia habari ambayo si ya kuwafurahisha wageni, nasi twamshukuru kwa hiyo. Yeye mwenyewe hakuzaliwa kwa wachungaji. Alizaliwa pwani, kwa Wasami wavuvi. Maana lazima ijulikane kwamba Wasami wanaochunga reni ni wachache tu, na wengine ni wavuvi, walimu, mafundi, waganga, watu wa kila kazi. Baba yake alipelekwa shule ya bweni akiwa na miaka saba, asijue neno la Kinorwei. Mwalimu hakujua neno la Kisami, wala hakutaka. Mtoto akinena lugha ya mama yake alitiwa haya mbele ya wenzake. Baba yule alipokua na kuoa, aliapa moyoni kwamba wanawe hawatapatwa na haya hiyo. Basi hakuwafundisha lugha yake hata neno moja. Aliwapenda, ndiyo sababu. Binti aliijua lugha ya babu zake akiwa mtu mzima, katika nyumba ya mumewe, kwa kufundishwa na huyo mama mkwe, kando ya moto, wakishona viatu vya ngozi.

Mambo hayo hayakuwa ukali wa mwalimu mmoja. Yalikuwa mpango wa serikali kwa muda wa miaka mia na zaidi. Mwaka 1902 ilitolewa sheria kwamba katika jimbo la Finnmark, ambako Wasami ni wengi, ardhi ya serikali iuzwe kwa watu wanaojua kusema, kusoma na kuandika Kinorwei. Mtu aliweza basi kukosa shamba katika nchi ya babu zake kwa sababu ya ulimi wake. Nyuma zaidi, katika karne ya 17 na ya 18, wahubiri wa Kiluteri na waamuzi waliwanyang'anya ngoma zao za dini ya kale na kuziteketeza nyingi. Ngoma moja, iliyochukuliwa kwa mzee Anders Poulsen mwaka 1691, ilikaa Denmark muda mrefu. Ilirudishwa mikononi mwa Wasami mwaka 2022, nayo imewekwa Karasjok. Wasami wengi sasa ni Wakristo, Waluteri hasa, na wale wa mashariki ni Waorthodoksi. Lakini kuwa Mkristo hakukumlazimu mtu kuchomewa ngoma na kunyamazishwa lugha, nasi twaona ni heri kulisema wazi.

Kilichowaamsha ni mto. Serikali ilitaka kujenga bwawa la umeme katika mto wa Alta na Kautokeino, na katika mipango ya kwanza kijiji kizima cha Máze kingezama. Mpango huo wa kukizamisha kijiji uliachwa, lakini bwawa halikuachwa. Mwaka 1979 vijana Wasami walipiga hema lao mbele ya bunge la Oslo, wakagoma kula. Mwaka 1981 askari polisi mamia walitumwa kuwaondoa watu waliojifunga minyororo kule Alta. Bwawa lilijengwa. Hata hivyo tangu siku zile hapakuwa tena na Mnorwei aliyeweza kusema hawajui Wasami. Mwaka 1989 Mfalme Olav V alilifungua Bunge la Wasami, na mwaka 1997 mwanawe, Mfalme Harald V, aliwaomba radhi Wasami kwa udhalimu waliotendewa na serikali ya Norwei.

Je, taabu imekwisha? Twendeni Fosen, katikati ya Norwei. Huko ilisimamishwa mitambo 151 ya upepo juu ya milima ambayo reni walilisha wakati wa baridi. Umeme wa upepo hauchafui hewa, na kila mtu huusifu. Bali reni huikwepa milima hiyo. Tarehe 11 Oktoba 2021 mahakama iliyo juu ya zote katika Norwei ilihukumu kwamba haki za wachungaji zimevunjwa. Siku 500 zikapita, na mapanga ya mitambo yanazunguka vile vile. Februari 2023 vijana Wasami, wamevaa gákti, walijifungia ndani ya wizara na milangoni pake. Mwishowe wachungaji na wenye mitambo walifanya mapatano, moja mwisho wa 2023, jingine Machi 2024. Mitambo ingaliko.

Adui mwingine hashtakiwi mahakamani. Katika majira ya baridi reni hula likeni, kitu kidogo cha rangi ya kijivu kifananacho na mmea kisicho na maua, kiotacho chini kama sifongo na kukua polepole mno. Hunusa harufu yake chini ya theluji, akafukua kwa kwato. Theluji kavu haimshindi. Lakini hewa ya dunia inazidi kupata joto, na kaskazini inazidi kwa haraka kuliko kwingine. Siku hizi mvua hunyesha hata katikati ya majira ya baridi; kisha baridi hurudi, na maji yote hugeuka barafu ngumu juu ya malisho. Wasami wana mamia ya maneno ya theluji na barafu, na hiyo huiita čuohki. Chakula kiko chini, karibu kama shibiri moja, na mnyama amesimama juu yake ana njaa. Ndipo mchungaji hulazimika kununua chakula cha viwandani na kukichukua kwa pikipiki ya theluji mpaka mlimani, na petroli nayo si bure.

Hapo tulielewa kwa nini kambi ile ipo. Fedha ya mgeni wa Februari hununua chakula cha Machi. Wanyama tuliowalisha kwa ndoo ni sehemu tu ya kundi. Walio wengi wako mbali, na mgeni hawaoni. Wako Wasami wasiopenda kazi hii ya wageni, wakisema inawageuza kuwa sanamu za maonyesho. Hasa kule Ufini wamechukizwa na watu wasio Wasami waliovaa mavazi ya bandia na kuwachezea wasafiri michezo ambayo si desturi ya mtu yeyote. Kwa hiyo Bunge la Wasami la huko lilitoa mwaka 2018 kanuni za kuwaongoza wapokeao wageni. Sisi twadhani tofauti ni rahisi kuitambua. Katika kambi yetu simulizi lilikatizwa mara mbili, kwa sababu bwana wa nyumba alipigiwa simu kuhusu reni waliovuka njia ya magari, na mara ya pili aliondoka asirudi.

Mtoto wao wa kike, mwenye miaka sita, alikuwa hemani muda wote, akisema Kisami na mama yake na Kinorwei nasi. Alituonyesha karatasi yenye picha ya masikio mawili. Ndiyo alama yake. Kila mwenye reni ana mkato wake wa masikio, ulioandikishwa, usiofanana na wa mwingine. Na ni desturi mtoto kupewa reni abatizwapo au aotapo jino la kwanza, ili kundi lake likue pamoja naye. Mwezi wa Julai ndama hukusanywa usiku, wakati wa ubaridi, jua likiwa lingali juu ya milima. Hukamatwa kwa kamba ya kitanzi, na hukatwa sikio upesi kwa kisu kikali, kisha hukimbia kumtafuta mama yake. Mwaka huu baba atashika kisu pamoja naye. Mwakani, alisema, atakishika peke yake. Mama akatikisa kichwa, akamwagia kahawa mgeni wa mwisho.